Siku nne Sola, makala tatu

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, nilimsindikiza asistenti mmoja hadi Sola. Jina lake nalificha, kwa sababu yaliyompata yangeweza kumpata mwalimu yeyote wa chuo katika nchi hii. Kazi yangu ilikuwa kubeba betri na kushika simu iliyokuwa inarekodi. Kwa siku nne tuliketi na wazee watatu, wasemaji wa Kihemba, baba wawili na mama mmoja. Walitusimulia jinsi ndoa zilivyofungwa zamani, majina ya mitego ya samaki, ugomvi wa mipaka ya mashamba, hadithi za usiku. Tulirudi Kongolo kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye meno, tukiwa na saa kumi na moja za sauti.

Katika saa hizo kumi na moja, asistenti alitumia dakika arobaini hivi. Zikatoka makala tatu. Ya kwanza ilihusu majina ya mitego. Ya pili ilihusu maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika Kihemba. Ya tatu, nasema kweli, ilikuwa ile ya pili iliyobadilishwa kichwa na kuongezewa kurasa nne za nadharia. Katika hiyo ya tatu jina langu limo, mwishoni mwa orodha ya waandishi. Sikuandika hata sentensi moja. Nilifurahi, nikawaonyesha wenzangu, na hakuna aliyeniuliza nilifanya nini.

Halafu simu ikajaa. Kulikuwa na ubatizo wa mtoto wake, picha na video zilihitaji nafasi, akafuta zile sauti. Hakufanya hivyo kwa dharau. Faili lake la kupandishwa cheo lilikuwa limekamilika, na faili hilo halina mahali pa kuweka sauti za wazee. Linadai nakala za makala na barua ya jarida, basi. Tangu siku zile mzee mmoja kati ya wale watatu amefariki. Mwanawe alipata namba yangu, akanipigia kuomba sauti ya baba yake. Nilikosa la kumjibu.

Tunapozungumza juu ya shinikizo la kuchapisha, kwa kawaida tunawataja wezi: anayenakili kazi ya mwenzake, anayenunua makala iliyoandikwa na mwingine, anayetunga majibu ya watu ambao hakuwahi kuwahoji. Wapo. Lakini asistenti huyu si mwizi. Wazee walikuwepo, maswali yaliulizwa, mifano yake ni ya kweli. Hata hivyo utafiti umeharibika, na umeharibika mahali ambapo hakuna kamati inayotazama.

Ngazi zetu kila mtu anazijua. Kutoka asistenti hadi C.T., kutoka C.T. hadi uprofesa, kila hatua ina makala zake za kuhesabiwa. Mwalimu ana familia, ana masomo mengi ya kufundisha, wakati mwingine katika vyuo viwili au vitatu, na mshahara ni ule tunaoujua. Akipata siku nne za Sola, atafanya nazo nini? Atafanya kama mama wa sokoni aliyeletewa samaki mmoja mkubwa wa Lualaba: atamkata mafungu. Biashara ya yule mama ni halali kabisa, lakini yeye hatuambii kwamba ana samaki watatu.

Na wanunuzi wa mafungu hawakosekani. Barua-pepe zinafika hata huku kwetu, intaneti ikikubali: «Profesa mashuhuri», anaandikiwa mtu ambaye bado ni asistenti, «tuma makala yako, itatoka kwa siku saba.» Bei inatajwa chini kabisa, kwa dola. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyoyapima majarida ya namna hiyo. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akaituma kwa majarida 304. Alipochapisha matokeo yake, 157 yalikuwa yameikubali na 98 yalikuwa yameikataa.

Kuna jambo dogo katika habari hiyo ambalo mimi linaniuma kuliko hesabu zake. Waandishi aliowabuni aliwapa majina ya kubuni yenye sura ya Kiafrika na taasisi za Kiafrika zisizokuwepo, moja akaiweka Asmara. Sababu yake aliitaja waziwazi: alitumaini kwamba mhariri akitafuta kwenye intaneti asione kitu, hatashuku sana ikiwa mwandishi ametoka nchi maskini. Maana yake ni kwamba kutojulikana kwetu ni jambo la kawaida machoni pao. Sasa mtafiti wa kweli wa Kongolo akichapisha katika jarida la aina hiyo, msomaji wa mbali atamtofautishaje na yule daktari wa Asmara ambaye hakuzaliwa?

Tusidhani ni ugonjwa wa vyuo vidogo peke yake. Afrika Kusini, serikali huvipa vyuo vikuu fedha kulingana na idadi ya makala zilizochapishwa. Mwaka 2017 Johann Mouton na Astrid Valentine walionyesha kwamba maelfu ya makala za watafiti wa nchi hiyo zilikuwa katika majarida yenye mashaka. China nayo, mwaka 2020, ilibidi iagize vyuo viache kuwalipa walimu zawadi ya pesa kwa kila makala.

Najua walimu wetu wakubwa watanijibu nini, na jibu lao ni zito. Watasema: zamani hatukuhesabu, na mkaona matunda yake. Ni kweli. Nimesoma kozi moja kwa silabasi ambayo mwaka ulioandikwa kwenye jalada ulikuwa mkubwa kuliko umri wangu. Tena pasipo hesabu ya makala, cheo kinapita kwa kujuana, kwa kijiji, kwa kabila. Hesabu ililetwa pia ili mtoto wa mtu asiyejulikana aweze kupanda. Kwa hiyo siombi iondolewe. Nauliza tu kinachohesabiwa.

Kwa maana katika fani yetu, fani ya lugha, kinachodumu mara nyingi si uchambuzi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Nadharia zake nani anazikumbuka? Maneno aliyoyakusanya bado yanafunguliwa. Karibu nasi zaidi, André Yav aliandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Elisabethville kama wafanyakazi wa nyumbani walivyoiona. Johannes Fabian aliitoa kama kitabu mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, na ndani yake akaweka maandishi yenyewe jinsi yalivyokuwa. Leo mwanafunzi anaweza kumpinga Fabian kwa kutumia kitabu cha Fabian. Makala zetu tatu za Sola hakuna anayeweza kuzipinga, wala kuzithibitisha. Zinaning'inia hewani. Na sisi wanafunzi ndio tunaozitaja katika kazi zetu za mwisho kana kwamba ni ushahidi.

Haraka hiyo inachagua hata maswali. Ni rahisi kuandika tena kwamba watu wa kwetu husema «batoto» pale kitabu kinaposema «watoto», na «ka-» kwa kitu kidogo. Edgar Polomé alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Mwamba Kapanga alitoa tasnifu kamili juu ya Kiswahili cha Shaba mwaka 1991. Sisi tunarudia kwa wanafunzi thelathini wa darasa moja, kwa sababu darasa liko mlangoni na dodoso linajazwa kwa saa moja. Lakini mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kihemba au ya Kisongye anaanzaje kuchanganya lugha, na anamwachia bibi yake lugha gani na sokoni anachukua ipi? Hilo linadai miaka miwili ya kurudi kwa familia zilezile. Hakuna asistenti mwenye akili timamu atakayelichagua, maana mwisho wa miaka miwili atakuwa na makala moja, na mwenzake wa darasa la thelathini atakuwa na tano.

Pendekezo langu kwa baraza la kitivo ni fupi. Mkusanyo wa sauti ulioandikwa neno kwa neno, wenye tafsiri ya Kifaransa au Kiswahili, uhesabiwe kama makala, na ukiwa mkubwa kama makala mbili. Makala yoyote inayotumia maneno ya wazee isipokelewe katika faili bila nakala ya sauti kuwekwa maktabani, na nakala nyingine kurudishwa kwa familia. Na anayeomba cheo alete kazi tatu anazoziona bora, tume izisome kweli, badala ya kuletewa rundo ambalo linapimwa kwa mkono. Hayo yote hayahitaji fedha ya Kinshasa. Yanahitaji diski mbili, kabati lenye kufuli, na mtu wa maktaba aliyepewa dakika chache za kuandika lebo.

Kuhusu ile makala ya tatu, nimemwomba asistenti aandikie jarida ili jina langu liondolewe. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Amekubali turudi Sola kiangazi kijacho, kwa yule mama na yule baba aliyebaki, na safari hii kadi za kumbukumbu nitanunua mimi.