Liemba: Bibi Asiyetaka Kustaafu

Wiki hii tuyaache mapenzi na mitindo, tumwongelee bibi kizee mmoja wa chuma.

Hapa kijiweni Msangano washkaji wamegawanyika. Meli ya Liemba, iliyoingizwa kwenye matengenezo makubwa miaka hii ya 2020, irudi kazini au ifungwe gatini Kigoma iwe makumbusho, watalii walipe?

Kabla hujachagua upande, pata stori yake. Wajerumani waliijenga mjini Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar, ikapanda treni, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata vita vilipowabana, wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi. Wajanja wale! Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa upande wa kusini. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikafungwa za dizeli.

Sasa toka huku kwetu, pita Sumbawanga, teremka mpaka Kasanga, uwaulize watu wa ziwani kama wana shida ya makumbusho. Vijiji vingi havikuwa na gati. Liemba ilisimama majini, mitumbwi ikaifuata, akina mama na magunia yao ya dagaa wakapandia humo humo. Mei 2015 ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Makumbusho gani hufanya kazi hiyo?

Hata hivyo, wanaosema ipumzike wana pointi. Roho za watu hazijaribiwi. Nani amesahau MV Bukoba, 1996?

Msimamo wangu ni huu: wakaguzi wakiipitisha, ipige kazi, na chumba kimoja kiwe cha picha na historia ili hata mwenye tiketi ya daraja la tatu aione. Wakiikataa, basi iwe makumbusho, ila watu wa vijijini wapate meli nyingine kwanza. Ukimstaafisha bibi anayelisha nyumba kabla hujapata wa kushika mwiko, wote mtalala njaa.

Wewe je, uko upande gani? Bishaneni kistaarabu, msitoane ngeu. Tukutane wiki ijayo!