VYUMA VYA MOTO MKALI: TUSIUZE MALI PAMOJA NA MAPAFU



Katika yadi za vyuma vikuukuu wengi wetu hufundishwa jambo moja tu: kushika sumaku. Kikinata ni chuma cha kawaida. Kisiponata hutupwa kwenye lundo la masinki na sufuria. Hapo ndipo mali hupotea.

Viko vyuma vilivyotengenezwa kustahimili moto mkali, katika injini za ndege na mitambo ya umeme iendeshwayo kwa gesi. Vingi ni nikeli nusu au zaidi, pamoja na kromi na kobalti. Mapanga mengine ya injini yana reni, kama sehemu 3 katika 100, nayo ni madini adimu sana. Vingi vya hivi havishikwi na sumaku. Vikichanganywa ovyo, kobalti na reni hupotea katika tanuri la chuma cha kawaida. Vikichambuliwa kila aina mbali na kuoshwa mafuta, viwanda vya ng'ambo huviyeyusha katika matanuri yaliyotolewa hewa, vikawa injini tena.

Basi twauliza: mnunuzi mwenye chombo cha kupimia ajua alichonunua, mchambuzi alipwaye kwa kilo ajua nini? Twataka vyuma hivi vipimwe mbele ya mchambuzi, aina iandikwe kitabuni, na malipo yafuate aina, si uzito peke yake.

Jambo la pili ni kubwa kuliko fedha. Chuma hiki kikikatwa kwa moto wa gesi, moshi wake waweza kubeba nikeli na kromi yenye sumu. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitia misombo ya nikeli na kromi ya aina ya sita katika daraja la kwanza la vitu viletavyo kansa. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kuonekana, na wakati huo tajiri amekwisha kukusahau. Leso ya kufunga puani haizuii kitu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyi kazi senti. Hiyo si hisani, ni haki.

Mwanachama ye yote aambiwaye akate vyuma hivi bila kinyago cha kuchuja moshi, amwarifu mjumbe wa chama siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akikataa peke yake hufukuzwa; yadi nzima haifukuziki.

Umoja ni nguvu.