Marehemu Hana Haraka



Kama umewahi kusindikiza maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, unaijua safari hiyo bila mimi kukusimulia. Misa ya kuaga inaisha alasiri, watu wanapita mbele ya jeneza, akina mama wa jumuiya wanahakikisha kila msafiri amekula, kisha msafara unaondoka jua likizama. Gari lenye jeneza linatangulia, zinafuata Coaster mbili za kukodi, halafu magari madogo ya ndugu wenye uwezo. Mbele kuna zaidi ya kilomita 500. Ratiba iliyochapwa inasema Misa ya mazishi ni saa 7:00 mchana kesho yake, na kaburini ni saa 8:30. Imekwisha kutumwa kwenye makundi yote ya WhatsApp. Hakuna aliyeiuliza Coaster kama inaiweza ratiba hiyo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya Coaster ya pili katika msafara wa namna hiyo. Marehemu alikuwa mwanakwaya wetu wa miaka mingi, na familia iliniomba niwasindikize. Kabla ya kuondoka nilifanya kama tunavyofanya mapadri siku zote, nikazunguka magari yote na maji ya baraka. Nakumbuka vizuri kwamba nilipofika kwenye tairi la mbele la kushoto la Coaster yetu niliona limekwisha, limekuwa laini kama kigae. Nikalinyunyizia maji, nikaendelea na gari la pili. Sikusema kitu. Niliona hayo ni mambo ya dereva.

Tulipita Chalinze, tukavuka Wami, tukaingia wilaya ya Handeni. Tulipoiacha Mkata nyuma yetu, ikiwa karibu saa 6 usiku, gari likaanza kunuka, kisha mvuke ukafunika kioo cha mbele. Limechemsha. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yamemwagika. Dereva alijitahidi kulitoa barabarani, lakini pale ukingo ni mwembamba, hivyo nusu ya gari ikabaki kwenye lami. Pembetatu ya tahadhari hakuna. Utingo akaingia gizani, akakata matawi na kukusanya mawe, akayapanga nyuma ya gari hatua kadhaa kadhaa.

Na sisi abiria tulifanya nini? Tulifanya kile ambacho nawe, msomaji, umekifanya mara nyingi. Tulishuka wote, tukasimama nyuma ya gari, barabarani, tukitazama na kutoa maoni. Mama mmoja wa WAWATA, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetufukuza pale kama kuku hadi ng'ambo ya mtaro. Wapo walionung'unika, na mimi nilikuwa mmoja wao, maana nyasi zilikuwa na umande. Januari 2025 niliposikia habari za Segera, mbele katika barabara hiyohiyo, ambako lori liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye gari lililopata ajali na 11 wakafa, nilimkumbuka mama yule, nikampigia simu kumshukuru. Aliniuliza kwa nini nimechukua muda mrefu hivyo.

Wenzetu wa mbele walikuwa wamekwisha kupita Michungwani. Tulipowapigia, mwenyekiti wa kamati ya mazishi alijibu kwamba tutawakuta Korogwe, kwa sababu wakisimama wote Misa itachelewa. Usimlaumu haraka. Alikuwa na ratiba mkononi, na ratiba ile tuliipitisha sote. Hata hivyo nilipokuwa nimekaa kwenye nyasi nilifikiria ile habari ya Mtakatifu Luka, namna Maria na Yosefu walivyotembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Watu hawakumwacha Yesu Yerusalemu kwa ubaya. Kila mmoja alidhani yuko na mwingine. Msafara una tabia hiyo, kwamba mtu hutazama mgongo wa aliye mbele yake, na wa nyuma huhesabiwa pale tu chakula kinapogawiwa.

Aliyeibadilisha safari yetu ni mjane. Alikuwa mbele, kwenye gari la jeneza. Baadaye waliniambia kwamba aliposikia mazungumzo ya simu aliuliza tumebaki wangapi nyuma. Akaambiwa, ishirini na sita pamoja na Padri. Akasema, "Geuzeni gari. Mzee hana haraka." Dereva alidhani mama amechanganyikiwa na msiba. Mama akarudia maneno yaleyale. Basi mnamo saa 7 usiku tuliziona taa zikirudi kutoka upande wa Segera, jeneza likiwarudia wasindikizaji. Sijui kama umewahi kuona jambo hilo. Mimi sikuwahi.

Katika Kitabu cha Hesabu, Miriamu alipopigwa ukoma na kuwekwa nje ya kambi siku saba, taifa zima halikuondoka hadi aliporudishwa. Fikiria, msomaji, watu wale walikuwa jangwani, wanaelekea nchi ya ahadi, na mtu mwenyewe alikuwa ameharibikiwa kwa kosa lake. Walikuwa na kila sababu ya kumwambia atawakuta mbele.

Fundi alifuatwa Kabuku kwa bodaboda, na alikuja. Mpira aliokuja nao haukuwa wa gari lile, ila aliukata, akaulazimisha, akaufunga kwa klipu mbili na waya. Kilichokosekana kikawa maji. Wewe unayeifahamu Handeni unajua shida ya maji ya kule, jinsi dumu moja linavyoweza kumwamsha mama usiku na kumtembeza mbali. Na bado watu wa nyumba zilizokuwa karibu walitoka na madumu, wakatumiminia kwenye rejeta la gari la watu wasiowajua. Tulipotaka kulipa, mzee mmoja alituuliza tunakwenda na nani kwenye lile gari jingine. Tukamwambia. Akavua kofia yake, akakataa pesa.

Tulifika Korogwe alfajiri, mwendo wa pole. Pale ndipo palipokuwa na shida kubwa kuliko ya rejeta. Tulipeleka Coaster gereji ili mpira ubadilishwe vizuri, na yule fundi, kijana wa makamo mwenye suruali nyeusi kwa oili, akaanza kulizunguka gari bila kuombwa. Akapiga tairi la mbele la kushoto kwa spana. Akaingia chini, akatoka, akaniita pembeni. "Shikamoo Baba. Gari hili lisingetoka Dar. Breki za nyuma zimekula hadi chuma, na tairi hili si tairi tena."

Nilimwuliza kama linaweza kutufikisha tu, halafu litengenezwe huko. Ndiyo, mimi padri niliuliza hivyo, maana ilikuwa saa 12 asubuhi na Misa ni saa 7. Akanitazama. "Kufika linaweza kufika, Baba. Na linaweza lisifike. Mimi siwezi kulifunga nikaliruhusu."

Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya hekalu, akamshauri ajirushe, kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa, kwa sababu kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Nimehubiri Injili hiyo kila inapoangukia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima tangu nipewe upadrisho, na sikuwahi kulifikiria tairi. Kumbe nililolifanya kwenye lango la parokia lilikuwa hilohilo. Niliona hatari kwa macho yangu, nikainyunyizia maji ya baraka, nikategemea malaika wafanye kazi ambayo mdomo wangu ungeweza kuifanya. Baraka ya gari ni sala kwa ajili ya watu wanaolitumia, na sala hiyo haikupi ruhusa ya kufumba macho. Katekisimu ya Kanisa inaiweka waziwazi chini ya amri ya tano: anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo mzima kuhusu uchungaji wa barabarani, na kati ya amri kumi ilizowaandikia madereva, ya kwanza ni kutoua. Nani kati yetu amewahi kuungama kwamba alimharakisha dereva?

Usiku wa Februari 3, 2023, hapo hapo Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso. Walikufa watu wasiopungua 17. Sisemi kwamba gari lao lilikuwa bovu, wala sisemi kwamba dereva wao alikosea. Ninachosema ni kwamba walikuwa barabarani usiku, kama sisi, kwa sababu desturi yetu ya kusindikiza imejengwa hivyo, yaani aga jioni, safiri usiku, zika mchana. Na desturi hiyo sisi mapadri tunaishikilia kwa mikono miwili. Paroko wa kule ana Misa nyingine, ana kigango kinamngoja, kwa hiyo hupanga saa na kuishikilia. Nimewahi kuifokea familia iliyochelewa saa mbili. Sikuwauliza wamelala wapi, dereva wao ni wangapi, wala gari lao limesimama wapi.

Gereji ilituchukua saa nne. Fundi alitutoza bei kamili ya vifaa na bei kamili ya ufundi, bila kupunguza hata shilingi, na baadhi ya ndugu walikunja uso. Alipomaliza kuhesabu pesa zake alichomoa elfu mbili, akampelekea mjane. "Ile ilikuwa kazi, mama. Hii ni rambirambi."

Tulizika saa 12 jioni, kiza kikianza kuingia migombani. Paroko wa pale, padri kijana, alinipokea kwa heshima zote, lakini uso wake ulisema mengine. Niliufahamu uso ule. Ndio niliokuwa nao siku ile nilipoifokea ile familia.

Tangu hapo, parokiani kwetu familia ikija kuomba Misa ya kuaga, naiomba ifanyike asubuhi ili msafara ulale njiani au ufike mchana, na kwa paroko wa kule napiga simu mwenyewe kumwomba asiandike saa ya mazishi, aandike siku. Wengine hukubali. Wengine hunikumbusha kwamba ukumbi umelipiwa na turubai ni la siku moja, na hoja hiyo si ya kudharau, kwa kuwa msiba una gharama. Ila tairi lililokwisha silibariki tena. Nasimama hapohapo na ndoo yangu ya maji hadi dereva alete jingine, na kwa ajili hiyo nimekwisha kuitwa padri msumbufu.

Nimesahau kukueleza jambo moja la kule Mkata. Rejeta lilipokwisha kujazwa na abiria wote wamekwisha kupanda, dereva aliwasha gari, akahesabu watu, akagundua utingo hayupo. Tulipiga honi. Kumbe kijana alikuwa amerudi nyuma peke yake gizani, anaondoa yale mawe barabarani, moja moja, na kuyatupa mtaroni. Ilibidi tumngoje.