Kustaafu ni Haki, Kuaga ni Wajibu

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya vijijini, mtoto wa kiume wa umri wa miaka tisa hivi alifika asubuhi kwenye nyumba ya mapadre akiwa ameshika kipande cha khanga kilichopigwa fundo. Ndani ya fundo zilikuwamo funguo mbili, mmoja wa jikoni na mwingine wa ghala. "Bibi anasema Tumsifu Yesu Kristo, Baba," alisema mtoto. "Anasema magoti yamekataa." Akageuka, akaenda zake shuleni.

Bibi huyo alikuwa mpishi wetu. Alikuwa amewapikia mapadre kwa miaka 26, akawaona maparoko saba wakifika na kuhamishwa, na zile funguo ndizo zilizokuwa barua yake ya kuacha kazi. Jioni ileile tulikwenda kumwona. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyosha, na kabla hatujamjulia hali alituomba radhi kwa kutuacha bila uji. Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Tuliporudi ofisini tukafungua kabati kulitafuta jalada lake. Halikuwapo. Lilikuwapo daftari la mishahara lenye alama ya dole gumba lake, mwezi baada ya mwezi, na hakuna zaidi ya hilo: hakuna mkataba, hakuna namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mtu fulani, katika mwaka fulani, aliwahi kujiuliza mama huyu ataishije atakapozeeka. Halmashauri ya Walei ilipokutana, mjumbe mmoja alisema kwa nia njema kabisa kwamba mpishi alikuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hastaafu. Mzee mwingine, mwalimu mstaafu, akamwuliza ni nani basi katika nyumba hiyo atakayempelekea chakula usiku ule. Baada ya majadiliano marefu alipewa mishahara ya miezi sita, ikalipwa kwa mafungu matatu, na fungu la tatu lilichelewa.

Ndugu waamini, tumeanza na aibu yetu wenyewe kwa makusudi. Tumezoea, katika kurasa kama hizi, kuwanyoshea kidole wenye mashamba makubwa, wenye viwanda na maofisa wa serikali. Na ni haki kufanya hivyo. Lakini parokia nayo ni mwajiri. Ina mpishi, mlinzi, dereva, karani, walimu wa chekechea, mara nyingine wauguzi wa zahanati. Watu hawa aghalabu hawastaafu. Huanguka tu kazini, au hutoweka. Nasi tunashikilia kwamba mtumishi ana haki ya kuichagua siku ya kuacha kazi angali na nguvu za kutembea kwenda kuaga, na kwamba siku hiyo yafaa isemwe mapema na isemwe wazi. Mwajiri asiyemwezesha mtumishi wake kufanya hivyo amemdhulumu, hata kama hakupunguza senti moja katika mshahara wake.

Kwa nini watu huificha siku hiyo? Sababu ya kwanza ni hofu. Anayesema kwamba ataondoka mwakani huanza kuhesabiwa kuwa amekwisha ondoka: hapelekwi semina, haulizwi shauri, kiti chake huanza kutazamwa na wengine. Ya pili ni jamaa. Habari za mafao hufika kijijini kabla ya mwenyewe kufika, na kila mwenye ada ya shule au mahari ya kulipa huipangia fedha ile matumizi. Ya tatu ni kwamba wengi wetu tunakiogopa kile kimya cha Jumatatu asubuhi, pasipo kengele wala zamu. Hofu hii hatuidharau. Sisi wenyewe tumo katika miaka ya arobaini, na Sheria ya Kanisa inamwomba paroko atoe barua ya kujiuzulu atimizapo miaka 75. Lakini tayari tumeona ndugu wakubwa kwetu ambao huzungumza juu ya siku hiyo kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumzia ugonjwa.

Mapadre tunaijua hofu hiyo kwa njia nyingine pia. Kwa wazee wengi waliozaliwa kijijini, daftari la ubatizo ndilo ushahidi wa kwanza wa umri wao. Basi alitujia baba mmoja, mtumishi wa siku nyingi katika ofisi fulani, akiomba tumwandikie cheti cha ubatizo na kumpunguzia miaka miwili. Hakuwa mtu mwongo. Alikuwa na watoto wawili sekondari, nyumba isiyoezekwa, na mkopo uliokuwa ukikatwa mshahara kila mwezi. Tulikataa, kwa maana daftari lile si mali yetu. Lakini hatukuweza kumwambia aende kwa amani. Tuliketi naye tukahesabu, na hesabu ilionyesha wazi kwamba miaka miwili ya uongo isingelimwokoa. Kilichomkosesha usingizi kilianza miaka kumi nyuma, alipokopa pasipo kuitazama kalenda.

Inatupasa kuitazama kalenda hiyo kwa tarakimu. Katika nchi yetu mtumishi aweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Wa serikali wamo katika mfuko wa PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Wa sekta binafsi, na ndani yake watumishi wa parokia zetu, wanahusika na NSSF. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10 katika hiyo. Ili apate pensheni ya kila mwezi, mwanachama anatakiwa awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Hesabu iliyobaki kila mjumbe wa kamati ya fedha aweza kuifanya kwa kidole. Dereva aliyeandikishwa akiwa na miaka 40 huweza kuaga akiwa na miaka 55 na kuendelea kupata riziki yake. Dereva aliyeandikishwa akiwa na miaka 50, baada ya paroko mpya kushtuka, atafika 60 akiwa na miezi 120 tu. Atapewa malipo ya mkupuo, na mkupuo huliwa. Yule ambaye hakuandikishwa kabisa hana tarehe ya kuchagua. Wengine husema parokia ni maskini. Ni kweli. Lakini tumeshuhudia parokia maskini zikijenga minara.

Tuongeze neno juu ya huo mkupuo. Wengi mnakumbuka jinsi wafanyakazi walivyolalamikia kikokotoo mwaka 2018, hata Rais John Magufuli akakisimamisha mwezi Desemba mwaka huo. Kikaja kingine Julai 2022 kilichotoa asilimia 33 kwa mkupuo, nacho kikarekebishwa katika bajeti ya mwaka 2024. Hatuandiki ili kuhukumu ni kiasi gani kilicho cha haki. Tunasema tu kwamba anayekusudia kustaafu asitegemee alichoambiwa na jirani aliyestaafu zamani. Aende ofisi ya mfuko wake angalau mwaka mmoja kabla, aombe taarifa ya michango yake, na aikague mwezi kwa mwezi. Ikiwa kuna miezi ambayo mwajiri alikata fedha lakini hakuipeleka, ni rahisi zaidi kuidai mwajiri na mhasibu wakiwa bado wanakutana nawe kila siku langoni.

Sasa tuje kwenye kuaga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka taarifa isiyopungua siku 28 kwa mwenye kulipwa kwa mwezi, nayo iwe kwa maandishi, ikitaja sababu na tarehe. Taarifa hiyo haitolewi mtu akiwa likizoni, wala siku zake haziwezi kuhesabiwa pamoja na za likizo. Mwajiri naye, siku ya mwisho, anapaswa kulipa mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na likizo ambayo haikuchukuliwa, na kutoa cheti cha utumishi. Hayo ni ya lazima. Lakini siku 28 ni kiasi cha chini kilichowekwa ili watu wasidhuriane. Si kipimo cha kuagana na mtu mliyeishi naye miaka 20. Katika siku 28 mlinzi aweza kukabidhi tochi na rungu. Karani wa parokia hawezi kumfundisha mwingine ni daftari lipi lina ndoa za kigango kipi, wala mwalimu mkuu hawezi kuacha shule ikiwa imetulia. Kwa kazi za namna hiyo, mwaka mmoja wa maneno na miezi mitatu ya maandishi si nyingi.

Tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto wa XVI, akiwa na miaka 85, aliwaambia makardinali kwa Kilatini kwamba nguvu zake hazitoshi tena kwa kazi ile, akataja siku na saa: tarehe 28 ya mwezi huohuo, saa mbili usiku. Tangu Gregori wa XII mwaka 1415 hakuna Papa aliyekuwa amejiuzulu. Wengi walistaajabia uamuzi wenyewe. Sisi tulistaajabia zaidi ile saa. Hakuacha watu wakikisia. Aliyekuwa na mambo ya kumaliza naye alijua ana siku 17. Aliishi karibu miaka kumi baada ya hapo, akafariki mwisho wa mwaka 2022, na hatuoni kwamba Kanisa lilipungukiwa kitu kwa sababu mzee aliaga akiwa bado ana akili timamu.

Kuna barua za kuaga ambazo si za kuaga. Mfanyakazi huitwa ofisini, akaikuta barua yake ya kujiuzulu imekwisha chapwa, naye akapewa kalamu. Huambiwa kwamba akitia sahihi ataondoka na heshima yake. Ukweli ni kwamba sheria humpa malipo ya kiinua mgongo yule anayeachishwa na mwajiri baada ya kutumikia mwaka mmoja au zaidi, na anayeondoka mwenyewe hana dai hilo. Sahihi ile humwokolea mwajiri fedha. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 188, inasema kujiuzulu kunakotokana na hofu kubwa iliyosababishwa isivyo haki, au na hila, ni batili. Sheria ya nchi nayo inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapojiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Aliyepatwa na jambo hilo asikae nyumbani akilalamika: anazo siku 30 za kulipeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo hupita upesi kwa mtu mwenye huzuni. Wanakamati wa Haki na Amani katika vigango, msingoje mwezi upite ndipo mmtembelee.

Wapo watakaotujibu kwamba kazi ya Mungu haina kustaafu. Tumeisikia hoja hii mara nyingi zaidi kutoka kwa wasiolipa kuliko kutoka kwa wasiolipwa. Kitabu cha Hesabu, sura ya 8, kinasimulia kwamba Mlawi akitimiza miaka 50 alikoma kuifanya kazi ile nzito ya hema, lakini akaendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Tazameni busara yake: mwaka umetajwa, mzigo umeondolewa, na mtu hakufukuzwa uani. Naye Papa Yohane Paulo wa II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, anaitaja pensheni ya uzeeni kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Ni haki, wala si zawadi ya Krismasi. Kwa katekista anayepewa posho tu, wanasheria na wabishane kama ameajiriwa au hakuajiriwa. Njaa yake ya miaka 70 haitangoja hukumu yao, na jumuiya ndogondogo alizozifundisha haziwezi kusema hazimjui.

Katika parokia tunayohudumu sasa tumeanza kidogo. Mwezi uliopita kamati ya fedha ilikaa na majalada matano ya watumishi wetu, jalada moja moja, na kuandika juu ya kila moja umri, mwaka wa kuanza kazi na idadi ya miezi iliyochangiwa. Wawili wana upungufu, na kwa mmoja wao upungufu huo ni kosa letu. Halmashauri imekubali kuufidia kwa fungu la mavuno la miaka miwili, baada ya mabishano ambayo hayakuwa mafupi. Dereva wetu, aliyekuwa kimya muda wote, alibaki nyuma kikao kilipokwisha. Alisema angependa kuacha kazi mwezi Juni mwaka ujao, macho yakiwa bado yanaiona barabara usiku, na akauliza kama kijana wa kumrithi aweza kuanza kukaa naye mbele ya gari baada ya Pasaka. Tumemwomba aiandike.