Swali Kabla ya Kusoma

Mtoto asimama darasani, asoma ukurasa mzima juu ya nyuki kwa sauti nzuri, asikwame hata mara moja. Mwalimu amwuliza, "Habari hiyo yasemaje?" Mtoto anyamaza. Wenzake wacheka, naye aketi akijiona mjinga. Kumbe si mjinga. Maneno ameyasoma, ila hakuna aliyemkumbusha kwanza yale ayajuayo juu ya nyuki.

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, walilijaribu jambo hili. Waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani: kuvipanga vitu katika mafungu, kutofanya vingi mno kwa mara moja, na kuirudia kazi baadaye. Walioambiwa mapema kwamba ni habari ya kufua nguo walielewa na kukumbuka mengi. Wasioambiwa walipotea. Na walioambiwa baada ya kusikiliza hawakupata faida yo yote, ingawa kufua si jambo geni kwa mtu. Ujuzi walikuwa nao, lakini uliitwa kwa kuchelewa.

Basi, yampasa mwalimu aulize kabla kitabu hakijafunguliwa, kama mkulima alimavyo kabla ya kupanda. Na aonyeshe picha na kichwa cha habari, kisha aulize, "Ni nani aliyepata kuona mzinga?" Huenda baba wa yule mtoto aliyenyamaza ndiye atundikaye mizinga mitini, naye ataeleza habari za moshi, za masega na za kuumwa. Yasemwayo yaandikwe ubaoni, na kando yake yale ambayo watoto wataka kuyajua. Safu ya tatu iachwe wazi kwa yale watakayojifunza. Njia hii ilielezwa na Donna Ogle wa Marekani mwaka 1986.

Mtoto akisema kwamba nyuki huokota asali tayari mauani, asikemewe. Neno lake liandikwe. Wakiisha kusoma, watoto wenyewe wataona ya kuwa nyuki huchukua maji matamu ya maua na kuyageuza kuwa asali, nao watalisahihisha.

Kazi hii yachukua dakika chache tu. Mzazi naye aweza kuifanya nyumbani, hata kama hakusoma sana. Mtoto aletapo kitabu, amwulize kwanza, "Habari hii ni ya nini, nawe wajua nini juu yake?" Ndipo kitabu kifunguliwe.