Rafiki Anapokukabidhi Fedha Umchagulie Kompyuta

Kijana mmoja wa Tanga, mwanafunzi wa chuo na msomaji wa ukurasa huu, ametuandikia kwamba rafiki yake, aliyedunduliza ujira wa kazi ya dukani kwa zaidi ya mwaka mzima, amemkabidhi fedha amchagulie vipuri vya kompyuta ya kuchezea michezo, kwa kuwa yeye ndiye anayeyaelewa mambo hayo. Anatuuliza anunue nini. Kisha, kwa unyoofu unaostahili pongezi, anaongeza swali la pili: muuza duka mmoja wa Kariakoo amemwahidi kumrudishia kiasi kidogo kwa kila kipuri atakachonunua kwake. Je, akipokee?

Tuanze na hilo la pili kwa kuwa ni fupi. Anayetumwa kununua kwa fedha za mwenzake ni wakala, na punguzo lolote atakalolipata ni la mwenye fedha. Akitaka malipo kwa nauli yake na kwa siku nzima ya kuzunguka madukani, na aseme mapema wakubaliane. Hilo halina aibu. Cha juu kinachofichwa ndicho chenye aibu, tena kina dhara jingine ambalo wengi hawalioni: humfanya mchaguzi alipende duka badala ya kukipenda kipuri, na kuanzia hapo ushauri wake hauna thamani hata kama ujuzi wake ni mkubwa.

Sasa tuingie kwenye vipuri. Kabla ya kutaja jina la kipuri hata kimoja, rafiki aulizwe mambo matatu: atacheza mchezo gani, kwenye skrini ya aina gani, na kompyuta hiyo itafanya kazi gani nyingine asipocheza. Majibu ya maswali hayo huokoa fedha nyingi kuliko ufundi wowote wa kupatana bei. Tuchukue mfano wa mpira, maana vijana wetu wengi ndio wanaoutaka. Mchezo wa EA Sports FC 24 ulitoka Septemba 2023, baada ya jina la FIFA kuachwa. Watengenezaji wake walitaja kiwango cha chini kuwa ni prosesa ya daraja la Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM ya gigabaiti 8, kadi ya picha kama GTX 1050 Ti, na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Hivyo ni vipuri vilivyoingia sokoni kati ya 2015 na 2017. Mwenye kutaka mpira pekee, basi, hana haja ya mtambo wa mwaka huu. Na ikiwa anachotaka ni kucheza na nduguze sebuleni mbele ya televisheni tu, aambiwe kweli kwamba PlayStation 4 iliyotumika itamtosha, na fedha inayobaki ikae. Lakini kama anasoma ramani za ujenzi, anahariri video za harusi au ana mdogo wake anayeandika kazi za chuo, hapo kompyuta ina hoja, kwa kuwa mashine moja itawahudumia wengi.

Njia inayopendwa zaidi na wenye mfuko mdogo ni kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika, kama zile Dell OptiPlex zinazoingia kwa makontena, kisha kuitia kadi ya picha. Si njia mbaya, ila ina mitego mitatu. Kwanza, zile zenye umbo jembamba hazipokei kadi ya urefu wa kawaida, hivyo hapana budi kutafuta kadi fupi. Pili, pawa saplai zake ni ndogo, na mara nyingi viunganishi vyake si vya kawaida, hata kuibadilisha huwa ni kazi ya kuhangaika na waya za kuungia. Kwa sababu hiyo kadi inayofaa humo ni ile inayotosheka na wati 75 zinazotoka kwenye ubao mama wenyewe, mfano wa GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Tatu, Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anayesema "i5" bila kusema ni ya kizazi gani bado hajasema kitu.

Ama anayeunganisha kipuri kwa kipuri, ajue kwamba katika kompyuta ya michezo kadi ya picha ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Ndiyo inayochora kila jani, kila jezi na kila kivuli, mara 60 au zaidi kwa sekunde. Sisi tungeitengea theluthi ya fedha yote, pengine na kidogo juu yake. Kwa skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080, kadi kama Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, bado inafanya kazi ya kuheshimika, na haili umeme mwingi: wati 132 tu. Ikisindikizwa na prosesa kama Core i3-12100F au Ryzen 5 5600, zote mbili za mwaka 2022, rafiki atacheza karibu kila anachokitaka, mradi asidai mapambo yote ya picha yafunguliwe hadi mwisho.

Hapa pana jambo dogo linalowaponza wengi. Ile herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel maana yake ni kwamba haina uwezo wa kutoa picha peke yake. Na hiyo Ryzen 5 5600 nayo haina. Kadi ikiharibika, skrini inabaki nyeusi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ikiwa fedha haitoshi kununua kadi sasa, afadhali kuchukua Ryzen 5 5600G, ambayo ina picha zake ndani. Rafiki ataanza na michezo myepesi, kisha kadi itafuata baada ya miezi sita. Nguvu yake ni pungufu kidogo ya ndugu yake asiye na G, lakini kwa mtu anayenunua kwa awamu tunaiona kuwa ndiyo busara. RAM iwe gigabaiti 16 katika vipande viwili vya 8, si kipande kimoja cha 16, kwa sababu vipande viwili hufanya kazi sambamba, na picha za ndani ya prosesa huutegemea sana usambamba huo. Diski iwe SSD. Juu ya hilo hatuna cha kujadili.

Kipuri kinachodhulumiwa kuliko vyote ni pawa saplai. Haionekani, haisifiwi na mtu, na ndiyo inayokatwa wa kwanza fedha inapopungua. Zipo zilizoandikwa wati 600 ubavuni ambazo ukizinyanyua ni nyepesi kama sahani ya bati. Mashine tuliyoitaja hapo juu, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, haitarajiwi kufika wati 300, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 500 inatosha na kubakiza. Lebo ya 80 Plus ni kipimo cha namna isivyopoteza umeme ovyo. Haithibitishi uimara wake peke yake, lakini isiyokuwa nayo kabisa tungeiacha dukani. Na iwapo ni iliyotumika, itazamwe nyuma: nyingine zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115, halafu ikachomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230, hulipuka papo hapo, na yaweza kuondoka na ubao mama. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, UPS ndogo si anasa.

Fedha ya kulipia hayo ipatikane wapi? Kwenye kasha na taa. Vijana wamependezwa na makasha ya vioo na feni zinazowaka rangi saba kama banda la harusi, ilhali taa hizo haziongezi kasi hata chembe. Kasha rahisi lenye matundu mbele ya kupitishia hewa ni bora kuliko la kioo kitupu kinachohifadhi joto, hasa kwa sisi wa pwani.

Kadi zilizotumika zina historia yake. Miaka kadhaa iliyopita watu walizikusanya kadi za picha kwa mamia ili kuchimba sarafu za kidijitali, zikawashwa mchana na usiku. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa namna hiyo, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka. Katika hizo zimo RX 580 ambazo majina yake huendelea na maneno 2048SP; hizo zilitolewa kwa ajili ya soko la China, na kwa undani wake ni sawa na RX 570. Akubali kuinunua kwa bei ya RX 570, si kwa bei ya jina lililobandikwa.

Kisha asiondoke dukani kabla ya mashine kuwashwa mbele yake. Ubao mama wa B450 uliokaa rafuni tangu zamani huenda usiitambue prosesa ya 2022 mpaka programu yake ya msingi isasishwe, na kazi hiyo ni rahisi kwa fundi wa duka kuliko kwake akiwa amesharudi Tanga. Mchezo mmoja mzito uachwe ukiendelea kwa nusu saa, asikilize feni, aangalie kama picha inapasuka au skrini inazima. Risiti iandikwe kwa jina la rafiki, si la aliyetumwa, ioneshe muda wa dhamana kwa kila kipuri, na maboksi yote yatunzwe, kwa maana siku rafiki atakapotaka kuiuza hiyo kadi apate kubwa zaidi, mnunuzi wa kwanza atauliza boksi na risiti.