Kumleta Muuguzi Si Mabadiliko

Zungumza na wazazi wa Kisii au Nyamira, yaani Gusii, nyumbani kwa Abagusii, kuhusu ukeketaji na hutakaa sana kabla ya kuambiwa, "Sisi tumebadilika." Hawadanganyi. Umati wa kina mama wakiimba na kuwasindikiza wasichana alfajiri umepungua, na omosari, ngariba wa kijiji, amepoteza wateja wengi. Mahali pake ameingia muuguzi mwenye glavu, sindano ya ganzi na wembe mpya. Hayo ndiyo yanayoitwa mabadiliko, nami nayakataa, kwa sababu ndiyo yanayoupa ukeketaji uhai Gusii hadi leo.

Aliyeshika wembe amebadilika, chumba kimebadilika. Kinachokatwa ni kilekile, na anayekatwa ni mtoto yuleyule wa shule ya msingi ambaye hakuna aliyemuuliza. Ganzi humpunguzia maumivu ya saa ile, haimrudishii kiungo. Hakuna ugonjwa uliotibiwa hapo. Shirika la Afya Duniani linawakataza wahudumu wote wa afya kufanya kazi hii kwa namna yoyote ile, hata hiyo ya "kidogo tu" ambayo wazazi wetu hupenda kuitaja.

Tulifikaje hapa? Kwa miaka mingi semina zilihubiri juu ya Ukimwi, pepopunda na kuvuja damu, na wazazi wakasikiliza vizuri. Waliambiwa wembe mmoja huambukiza wasichana wengi, wakanunulia kila mmoja wembe wake. Waliambiwa ngariba hajui kuzuia damu, wakamtafuta anayejua. Watafiti wa Population Council waliandika juu ya jambo hili miongoni mwa Abagusii mwaka wa 2004. Ukimwambia mzazi kwamba ubaya wa kumkata binti yake ni uchafu wa wembe, atausafisha wembe, na ataamini amekutii.

Matokeo yake yako wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulikuta asilimia 21 ya wanawake Kenya nzima wamekeketwa; miongoni mwa Abagusii ilikuwa asilimia 84. Haya ni maeneo yaliyojaa shule, yenye makanisa ya Sabato na ya Katoliki kila upande. Elimu tuliyoitegemea iwe dawa imewapa wengi uwezo wa kumlipa muuguzi, basi.

Tena usiri umeongezeka. Desemba shule zikifungwa, muuguzi hufika jioni kwa bodaboda, mkoba begani. Redio huongezwa sauti. Mtoto hufungwa leso mpya, huchinjiwa kuku, hupikiwa matoke, huambiwa amekuwa mkubwa na asimwambie mtu. Zamani kijiji kizima kilijua, na anayepinga alijua pa kwenda kupinga. Siku hizi chifu hupita barabarani akaona nyumba iliyotulia.

Sheria haikumsahau mwenye glavu. Sheria ya mwaka wa 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji haimtofautishi na ngariba: kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, na kifungo cha maisha msichana akifariki. Anayetoa chumba ana kosa, na anayejua akanyamaza ana kosa. Daktari Tatu Kamau aliipinga mahakamani akitetea uhuru wa mwanamke mtu mzima kuchagua, na Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake Machi 2021. Gusii hata hoja hiyo haina mahali, maana wanaokatwa ni watoto.

Ila kuna kipengele kimoja cha sheria hiyo ambacho ningependa kisomwe katika kila baraza: kumdhihaki mwanamke kwa kuwa hajakeketwa ni kosa la jinai, kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua shilingi 50,000. Hapo ndipo penye mzizi. Egesagane, jina la msichana asiyekatwa, bado ni tusi kisimani, shuleni, hata ukweni. Mama mwenye digrii hulipa muuguzi kwa kuogopa jina hilo, na semina ya vijidudu haiwezi kumwondolea hofu hiyo kamwe.

Wanaume nao hujitoa wakisema haya ni mambo ya wanawake. Pesa za muuguzi na za kuku zilitoka mfuko wa nani? Baba anayetaka kusema amebadilika ana nafasi kabla shule hazijafungwa: awaite mama na nyanya, binti akiwepo, atamke kwamba mtoto huyu hatakatwa na yeyote, na kwamba atakayemwita egesagane atakutana naye kwa chifu. Na Baraza la Wauguzi la Kenya limpokonye leseni kila muuguzi anayepatikana na hatia ya kukeketa, litangaze jina lake hadharani, lianze kabla ya Desemba hii.